Stesheni ya Nzega Iko Bukene

Mgeni akifika Nzega mjini akauliza ilipo stesheni ya treni, ataambiwa atafute gari la Bukene. Reli ya Tabora–Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 enzi za Waingereza, hukatiza wilaya bila kuugusa mji wenyewe. Ilijengwa kwa ajili ya pamba ya Usukuma. Siasa ilidandia baadaye.

Tabora ilizoea kupokea habari za mbali. Kabla ya reli, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani, na hapo njia iligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912, njia panda ilibaki palepale, ila mzigo ukahamia kwenye mabehewa.

Januari 1958 chama cha TANU kilikutania Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpigakura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Julius Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humo, aliwashawishi wajumbe wakubali. Mwenzake Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama cha ANC. Novemba 1962 wawili hao walipambana katika uchaguzi wa kwanza wa Rais wa Tanganyika. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura. Mtemvu aliambulia kura 21,000 hivi.

Kwingineko siasa ilidandia treni yenyewe: kwa wakulima wa Marekani, mwaka 1948 mgombea aliletwa na reli. Rais Harry Truman alizunguka nchi kwa treni, akihutubia akiwa amesimama nyuma ya behewa lake, treni ikisimama hata kwenye miji midogo. Katika jimbo la Iowa aliwaambia wakulima kwamba Bunge limewanyima maghala ya nafaka. Wengi walimwona ameshashindwa, lakini alimbwaga mpinzani wake Thomas Dewey, na Iowa ikawa upande wake.

Nzega ya leo ni njia panda ya lami: barabara za Singida, Shinyanga na Tabora hukutana hapo, na misafara ya kampeni huingia kwa magari. Sasa reli ya kisasa ya Tabora–Isaka, kilomita 165, inajengwa. Mkulima wa Bukene ana swali moja kwa treni hiyo, lilelile ambalo angemuuliza mgombea yeyote: utasimama hapa?