Wenye Nyumba na Wapangaji: Habari za Makao ya Mji wa Nairobi



Katika mikutano ya Chama chetu husikika mara kwa mara neno litokalo upande wa wazee, nalo ni hili: "Sisi kwa umri wenu tulikuwa tumekwisha kujenga, ninyi mishahara yenu huenda wapi?" Vijana huinamisha vichwa kwa adabu, kisha wakitoka nje hunung'unika. Kwa kuwa neno hili limekwisha kutia baridi katika michango yetu, imeonekana vema kulitafutia asili yake katika habari za mji huu.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Waafrika waliokuja kutafuta kazi hawakutengewa makao ya kutosha. Walijijengea vijiji vyao, kama Pangani na Maskini, kwa fito na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Baraza la Mji likapima viwanja katika Pumwani, na Mwafrika aliyepewa kiwanja akaruhusiwa kujijengea nyumba. Nyumba zenyewe zilifuata mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na juu mabati ya madebe yaliyopondwa. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vilivyosalia akapangisha. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, jambo ambalo sisi wanaume hatupendi sana kulikumbuka. Jina la Majengo lingaliko hata leo, nalo ni ushahidi wa kazi ya mikono yao.

Lakini yafaa tuangalie hesabu ya nyumba ile. Mjenzi alinunua fito, akanunua madebe, akamlipa fundi, ardhi hakuinunua. Alilipa kodi ya kiwanja kwa Baraza, na hati ya kumiliki hakupewa. Hivyo alipata nyumba kwa bei ya vifaa na jasho tu. Ubaya wa mpango huo ulionekana mwaka 1939, Pangani ilipobomolewa, na watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba zilizojengwa na Baraza wala si kwa mikono yao wenyewe.

Tangu hapo viwanja vya kujijengea vikawa haba, na Mwafrika wa mjini akawa mpangaji. Ziwani, Starehe na Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940. Baadaye zikafuata Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Katika mitaa mingi chumba kimoja kilitolewa kwa wanaume kadhaa, kila mmoja na kitanda chake, kwa sababu Serikali ilimhesabu mfanyakazi kuwa mgeni wa muda ambaye mkewe na watoto wake wako rizavu. Mshahara nao ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke. Jambo hili lilikiriwa wazi mwaka 1954 na kamati ya Bwana Carpenter, iliyopendekeza kwamba mshahara wa chini upandishwe hatua kwa hatua hata ufike mara mbili na nusu ya ule wa kapera, ili uweze kulisha jamaa na kuipa makao. Bwana Vasey naye, katika taarifa yake ya 1950, alishauri Mwafrika awezeshwe kumiliki nyumba mjini.

Basi tuulize: watu wa kizazi kile cha Kaloleni na Bahati, ambao wengi wao hawakujenga mjini hata chumba, walikuwa wavivu? Hakuna mzee atakayethubutu kusema hivyo juu ya baba yake. Hawakujenga kwa kuwa hawakupewa mahali pa kujenga.

Baada ya Uhuru mlango ulifunguliwa tena. Shirika la mikopo ya nyumba liliundwa mwaka 1965, na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 zilijengwa nyumba za Buru Buru na za Umoja, ambazo mtu wa mshahara aliweza kuzilipia kidogo kidogo. Mwaka 1975 ulianza mpango wa Dandora kwa msaada wa Benki ya Dunia, viwanja vipatavyo 6,000 vyenye maji na vyoo, kila mtu akijijengea vyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Wazee wengi wanaotulaumu leo ni watu wa mlango huo. Walifanya kazi kwa bidii, hilo halina shaka. Lakini kiwanja walikipata kwa bei isiyokuwa ya soko.

Kijana wa leo hukutana na ardhi yenye bei ya soko tupu. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba ya mabenki katika Kenya nzima ilikuwa takriban 30,000 tu, na kwa wastani kila mmoja ulizidi shilingi milioni 9. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba mijini ni kama nyumba moja tu katika tano iliyokaliwa na mwenyewe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imetaja haki ya makao, na kwa sheria ya 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia moja na nusu ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Anayekatwa hana hakika ya kupata nyumba.

Liko jambo jingine ambalo karani hulisema kwa uoga. Baadhi ya viwanja vya Dandora vimeota maghorofa ya vyumba vya kupanga, na kodi anayotoa kijana kila mwezi huingia mara nyingi katika mfuko wa mzee yule yule anayemwuliza mshahara wake huenda wapi. Na katika nyumba za zamani za Baraza, ambazo kodi yake ingali chini kuliko ya mitaa mingine, hukaa wajukuu wa wapangaji wa kwanza, wakiishikilia nafasi ya babu kwa sababu hawana pengine pa kwenda.