Ndugu Boulting: Nani Mwenye Filamu?

Swali la nani hasa ndiye mwenye filamu huwa gumu tufikapo kwa Waingereza John na Roy Boulting, mapacha (mapasa, kama tusemavyo Lubumbashi) waliozaliwa mwaka 1913. Mwaka 1937 walianzisha kampuni yao, Charter Film Productions, wakashika desturi ya kupokezana: mmoja akiongoza filamu, mwenziwe huitayarisha, yaani hutafuta fedha na kukabiliana na wakubwa.

Kazi hii ya pili wengi huidharau, nasi twaona wanakosea. Pastor Hall, kisa cha mchungaji anayewapinga Wanazi, kilikataliwa na wakaguzi wa filamu kabla ya vita, Uingereza ikichelea kuiudhi Ujerumani. Kilitoka mwaka 1940, Roy akiwa mwongozaji na John mtayarishaji.

Kisha vita viliwatenganisha. Roy, katika kitengo cha filamu cha jeshi la nchi kavu, alitengeneza Desert Victory (1943) juu ya mapigano ya El Alamein nchini Misri, ikapata tuzo ya Oscar. John, katika jeshi la anga, aliongoza Journey Together (1945). Basi kila mmoja aliweza peke yake. Hata hivyo walirudiana. Katika Brighton Rock (1947) na I'm All Right Jack (1959), inayowadhihaki matajiri na vyama vya wafanyakazi sawia, John aliongoza, Roy akatayarisha.

John alifariki mwaka 1985. Mwaka ule ule Roy aliiongozea televisheni ya BBC The Moving Finger. Mtayarishaji wake hakuwa Boulting.