Tour du Rwanda: mashindano yalipanda, wenyeji wakabaki nyuma

Tour du Rwanda ni mashindano ya kinga, ao baiskeli, yanayozunguka inchi ya Rwanda kwa siku nane hivi. Kila siku kuna etape yake. Saa za etape zote zinajumlishwa, na mwenye kutumia wakati mdogo kuliko wengine njo anavaa jezi ya njano.

Yalianza mwaka wa 1988, na Célestin Ndengeyingoma akashinda. Katika miaka ya vita na mauaji ya kimbari hayakufanyika. Yalirudi 2001, na kisha Abraham Ruhumuriza akayashinda mara 5.

Mwaka wa 2009 yaliingia katika kalenda ya UCI, shirikisho la kinga la dunia. Kwa miaka 5 wageni tu walishinda. Halafu 2014 kijana Valens Ndayisenga akarudisha jezi nyumbani, na Wanyarwanda wakaishika mpaka 2018, aliposhinda Samuel Mugisha.

Mwaka wa 2019 mashindano yalipandishwa daraja hadi 2.1. Timu kubwa zikaja na kinga za bei kali na wakimbiaji wenye kulipwa vizuri. Merhawi Kudus wa Eritrea alishinda, na tangu hapo mpaka 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda tena.

Hata hivyo, vilima havilipishi kiingilio. Mara nyingi etape moja inamalizikia Rubavu, pale mpakani na Goma, na watu wanajaa kando ya barabara, bure.