Muhogo mchungu, Ruvuma na milango ya seli

Tukitaja historia ya Kusini tunakimbilia Maji Maji, mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, na siku hizi gesi. Leo naomba tuzungumzie ugali wa muhogo.

Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwaacha watu na muhogo mchungu peke yake. Zaidi ya watu 1,000, hasa watoto na akina mama, walipooza miguu ghafla, na ulemavu huo hauponi. Daktari Msweden Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuwa miongoni mwa waliouchunguza. Ugonjwa huo, ambao Kongo uliandikwa mwaka 1938 kwa jina la konzo, hauambukizi. Unahusishwa na sianidi iliyobaki kwenye muhogo.

Mwaka 1988 ikawa zamu yetu, wilayani Masasi. Njaa ilibana, watu hawakuweza kusubiri makopa yakauke. Wakatengeneza unga wa chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa kwa muda mfupi, unapikwa. Wakadhurika kwa sumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, konzo yenyewe ikaonekana mkoani Mtwara.

Wapo watakaosema huo ni ujinga wa vijijini. Sikubaliani nao. Muhogo mchungu hupandwa makusudi, kwa sababu nguruwe pori na wezi hawaupendi. Kuutoa sumu watu wanajua tangu enzi za mababu. Kilichokosekana ni muda. Na kingine pia: kitoweo.

Hapa ndipo sayansi inaponivutia. Mwili una njia ya kuipunguza makali sianidi: unaiunganisha na salfa, kisha unaitoa kwa mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, zilizomo kwenye samaki, mayai, nyama na kunde. Muhogo unazo kidogo mno.

Asidi amino haipenyi hivi hivi kwenye utando wa seli. Inavushwa na protini maalumu. Mwaka 2005, timu ya Eric Gouaux nchini Marekani ilionyesha umbo la mojawapo, kutoka kwa bakteria: nyuzi 12 zilizojisokota, zikipita ndani ya utando, na katikati nafasi ya asidi amino moja pamoja na sodiamu. Ifikirie kama kivuko cha Kilambo. Hakiwezi kuwa upande wetu na upande wa Msumbiji kwa wakati mmoja. Protini hii nayo hufunguka nje, hupokea abiria, hufunga, ndipo hufunguka ndani.

Mwaka 2020 wanasayansi wa China walionyesha umbo la ndugu yake wa kwenye utumbo wa binadamu, B0AT1, anayevusha methionini. Walimkuta ameshikamana na ACE2, protini ileile inayotumiwa na kirusi cha korona kuingia kwenye seli.

Kwa hiyo leo kivuko hicho tunakijua karibu atomu kwa atomu. Lakini wale wa Masasi mwaka 1988 hawakupungukiwa vivuko. Vilikuwepo, vizima kabisa. Abiria ndio hawakuwepo.

Tukiandika historia ya njaa Kusini, tusihesabu magunia ya unga tu. Tuulize pia: nani alikuwa na dagaa, na nani alikula ugali mkavu?