Mlima na Tela

Wiki hii rafiki yangu wa siku nyingi ameniomba ushauri. Jibu langu lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 150, nikaona nisiwe mchoyo, mazungumzo yetu niyalete hapa.

Rafiki yangu ni mzaliwa wa Lushoto, makazi yake Dar es Salaam. Mama yake mzazi bado yuko kule juu, katika nyumba ya vyumba viwili. Kila mwisho wa mwaka rafiki yangu hupanda na mkewe, watoto na wajukuu, na kila mwaka bibi huyo huishia kulala jikoni ili wageni wapate vitanda. Safari hii ameamua aibu hiyo iishe. Ameona kwenye simu karavani linalouzwa, yaani lile tela lenye vitanda, meza na jiko ndani yake. Gari lake ni Toyota Harrier, gari la kati kama yale yaliyojaa mitaani mwetu. Akaniuliza swali moja: "Litavuta?"

Nikamwambia, ndugu yangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: ukishafika juu, utashukaje?

Sikusema hivyo kwa kusoma vitabu. Nilipokuwa kijana nilipewa lifti kutoka Soni kwenda Mombo katika kigari kilichofunga tela la kabichi. Asubuhi kilikuwa kimepanda bila tabu, tela likiwa tupu. Wakati wa kushuka, kabla hatujafika nusu ya mteremko, tulianza kusikia harufu ya breki kuungua. Kisha tela likaanza kutusukuma. Kwenye kona nililiona limekuja ubavuni mwetu kana kwamba linataka kutupita. Dereva akaligemeza gari kwenye ukingo wa mlima, utingo akaruka na jiwe mkononi. Gurudumu lililipanda jiwe la kwanza likaendelea. Jiwe la pili ndilo lililoshika. Hakufa mtu, lakini kabichi zilibingirika hadi korongoni, na mwenye mali alikaa chini akashika kichwa.

Tuwaulize basi waliotutangulia, maana historia ya Usambara, kwa sehemu kubwa, ni historia ya watu waliopima mzigo gani uende na kitu gani.

Neno lenyewe karavani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni msafara wa wafanyabiashara. Misafara ya kweli iliijua Usambara katika karne ya 19, ikitoka Pangani kwenda bara. Lakini njia yao kubwa ilipita bondeni. Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkuu wa Wakilindi, alikaa Vugha, juu mlimani. Krapf alimfikia huko mwaka 1848, na Burton na Speke mwaka 1857, wote kwa miguu. Kimweri alifariki mwaka 1862. Katika ugomvi wa urithi uliofuata, mwanawe Semboja ndiye aliyepata nguvu kubwa. Je, alihamia Vugha? La. Kule alimweka mwanawe, yeye akabaki Mazinde, chini, kwenye njia ya misafara. Alijua mali nzito inapita wapi.

Na mpagazi wa msafara alibeba kiasi gani? Kwa kawaida mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Mwanamume mwenye nguvu anaweza kuinua frasila nne. Lakini kuinua siyo safari. Safari ni kutembea nazo siku nzima, kupanda na kuteremka, goti lisimsaliti. Kwa hiyo bidhaa zilifungwa kwa kumpima mbebaji.

Wakaja Wajerumani. Walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, waliipenda sana kwa baridi yake. Hata hivyo treni haikupanda kwenda huko. Ilikatiza chini ya mlima ikaenda zake, na Lushoto ikaunganishwa na Mombo kwa barabara ya kona. Kwa mbao za mierezi ya Shume walitafuta njia nyingine: walivuta waya kutoka msituni hadi stesheni ya Mkumbara, mbao zikawa zinashuka zikining'inia hewani, kimo cha zaidi ya meta 1,000. Katika mitambo ya waya kama hiyo, kushuka kwa mzigo si jambo la kusumbua, uzito wake wenyewe unaushusha. Kazi ya fundi ni breki.

Hapo ndipo nilipotaka kumfikisha rafiki yangu. Wote hao, mtawala, mpagazi na mhandisi, walilazimika kujiuliza mzigo utashikwa na nini.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilometa 33 hivi, na kimo kinapungua kwa karibu meta 1,000, sehemu kubwa ikiwa kati ya Soni na Mombo. Karavani alilolipenda rafiki yangu lina kilo 1,200 likiwa tupu. Weka maji, mtungi wa gesi, magodoro, vyombo na gunia la mchele wa bibi, linafika 1,500 bila wewe kujua. Uzito huo ukishuka meta 1,000 unatoa nguvu ambayo, ikigeuka yote kuwa joto, inatosha kuchemsha madumu mawili ya maji ya lita 20. Sehemu ya joto hilo huishia kwenye matairi na upepo, na sehemu huchukuliwa na injini kama dereva ametumia gia ndogo. Linalobaki linaingia kwenye breki. Na hapo sijalihesabu gari lenyewe, wala watu waliomo.

Kwa hiyo anayetaka kununua tela la kulala na azingatie haya. Kwanza, asipime tela tupu, apime tela lililopakiwa. Pili, afungue kitabu cha gari lake. Penye maelezo ya kuvuta atakuta tarakimu mbili: uzito wa tela lenye breki zake lenyewe, na uzito wa tela lisilo na breki. Hiyo ya pili, kwa magari ya kadiri hii, mara nyingi haizidi kilo 750. Kama kitabu kinasema gari halifai kuvuta, basi halifai. Tatu, watu sita na mabegi ndani ya gari nao ni mzigo, wasisahauliwe. Nne, mzigo upangwe ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iegemee kwenye kiungo cha nyuma ya gari. Ukipungua sana, tela litayumba mkia. Ukizidi sana, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi na usukani hautatii. Tano, injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 unazopanda.

Huko Uingereza, madereva wasio wazoefu wameshauriwa kwa miaka mingi wasivute karavani linalozidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari likiwa na kilo 1,700, hiyo ni kama kilo 1,445. Mimi kwa barabara ya Soni ningesema nusu ya uzito wa gari, na hata hapo tela liwe na breki zake.

Muuzaji amemhakikishia rafiki yangu kwa simu kwamba litavuta tu, wala asihofu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji hatakuwamo garini siku ya kushuka. Wajukuu watakuwamo.

Nilimshauri atafute tela dogo lenye breki, la kubeba hema kubwa, magodoro na vyombo, alisimike uani kwa mama yake. Akiling'ang'ania karavani, na aliache Mombo kwa mtu anayemwamini, apande na vitu vichache, kama misafara ilivyobaki bondeni. Akanijibu kwamba karavani la kulala Mombo halimwondoi mama yake jikoni. Nilikubali, hapo alinishinda. Basi tukarudi kwenye hema, tukaanza kuhesabu magodoro.

Jana alinipigia simu. Amekwisha kukifungua kitabu cha gari, kwa mara ya kwanza tangu alinunue.

Kwa leo naishia hapa. Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.