Ufundishaji wa historia ya shule za bweni za wenyeji asilia nchini Kanada

Ufundishaji wa historia ya shule za bweni za wenyeji asilia ni sehemu ya masomo ya shule nchini Kanada inayowaeleza watoto jinsi serikali na makanisa yalivyowatenganisha watoto wa Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis na wazazi wao kwa zaidi ya karne moja. Ulienea hasa baada ya mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipomaliza kazi yake.

Katika Afrika ya Mashariki shule ya bweni mara nyingi ni shule ambayo mzazi huitafuta kwa bidii na kuilipia ada. Shule zinazozungumziwa hapa zilikuwa kitu kingine kabisa.

Shule zenyewe

Mohawk Institute ya Brantford, Ontario, ilianza kulaza wanafunzi mwaka 1831, lakini mfumo wa nchi nzima ulijengwa kuanzia miaka ya 1880, wakati wa Waziri Mkuu John A. Macdonald. Serikali kuu ilitoa fedha, na makanisa, hasa Katoliki na Anglikana, yakaziendesha. Lengo lilikuwa kumfanya mtoto aache lugha, dini na desturi za kwao. Mwaka 1920 sheria iliipa serikali uwezo wa kuwalazimisha watoto wa miaka 7 hadi 15 kuhudhuria.

Watoto zaidi ya 150,000 walipitia shule hizo. Walikatwa nywele walipofika, wengi waliitwa kwa namba, na waliozungumza lugha ya mama waliadhibiwa. Wengine walipigwa au kunajisiwa. Mwaka 1907 daktari wa serikali, Peter Bryce, aliripoti kwamba kifua kikuu kilikuwa kikiwaua wanafunzi katika majengo yaliyojaa watu na yasiyopitisha hewa. Mengi aliyoyashauri hayakufanyika. Majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliofariki yameorodheshwa. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990.

Kuingia darasani

Kwa muda mrefu vitabu vya historia vya Kanada viliipita habari hii kimya au kwa sentensi chache. Tarehe 11 Juni 2008 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni. Tume iliyoongozwa na Murray Sinclair ilisikiliza maelfu ya manusura na kutoa miito 94 ya utekelezaji. Mwito wa 62 unataka historia ya shule hizi, mikataba na mchango wa wenyeji asilia vifundishwe kwa lazima kuanzia chekechea hadi darasa la 12, kwa kiwango kinachofaa umri wa mwanafunzi.

Elimu nchini Kanada iko mikononi mwa majimbo, hivyo hakuna mtaala mmoja. Northwest Territories na Nunavut zilitangulia: mwaka 2012 zilianzisha mada maalumu kwa darasa la 10.

Kufundisha kwa kufuata umri

Hapa ndipo penye ugumu. Mtoto wa miaka sita anaweza kuelewa kunyang'anywa kitu alichopewa na bibi yake; habari za kunajisiwa humwogopesha bila kumfundisha. Kwa sababu hiyo walimu wa madarasa ya chini huanza na kisa cha Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka sita, alivuliwa shati jipya la rangi ya machungwa siku ya kwanza shuleni karibu na Williams Lake, British Columbia. Kisa hicho kilizaa Siku ya Shati la Rangi ya Machungwa, inayoadhimishwa tarehe 30 Septemba tangu 2013. Tangu 2021 tarehe hiyo ni pia sikukuu ya serikali kuu.

Kitabu cha David A. Robertson, When We Were Alone (2016), kinafuata njia hiyohiyo. Mjukuu anamuuliza bibi yake kwa nini anavaa nguo za rangi kali, anafuga nywele ndefu na anazungumza Kikri, na kila jibu linarudi shuleni alikokatazwa mambo hayo. Wanafunzi wakubwa husoma habari za Chanie Wenjack, mvulana wa miaka 12 aliyetoroka Kenora mwaka 1966 na kufa njiani kwa baridi, akijaribu kutembea mamia ya kilomita kwenda kwa baba yake.

Katika madarasa mengi wamo wajukuu wa manusura. Mwalimu anayemtaka mtoto wa aina hiyo aeleze mbele ya wenzake yaliyoipata familia yake humuumiza. Ni afadhali kumwalika mzee aliye tayari kusimulia mwenyewe, na kuwapa wazazi taarifa mapema.

Mabishano

Mwaka 2018 serikali ya Ontario ilifuta vikao vya kuandika mtaala wa mada hii. Mwaka 2020 mapendekezo yaliyovuja Alberta yalitaka watoto wadogo wasifundishwe, kwa kuwa habari yenyewe inahuzunisha. Wapinzani walijibu kwamba waliopelekwa bweni walikuwa na umri huohuo.

Tangazo la Kamloops la Mei 2021, kuhusu yanayodhaniwa kuwa makaburi yapatayo 200, liliongeza maswali ya wanafunzi. Rada ilionyesha udongo uliowahi kuchimbwa. Haikuonyesha miili, na mwalimu hana budi kulisema hilo wazi. Vifo katika shule hizi vinajulikana kwa kumbukumbu za maandishi na ushahidi wa manusura, bila kutegemea rada.

Walimu wengi wenyewe hawakufundishwa historia hii walipokuwa wanafunzi. British Columbia, tangu mwaka wa masomo 2023/24, inamtaka kila anayehitimu sekondari awe amesoma kozi inayohusu wenyeji asilia.