Washana

Washana ni ukoo wa wahunzi wa Ugweno, katika Milima ya Upare Kaskazini, eneo ambalo leo limo Wilaya ya Mwanga, jirani na Same. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyechapisha historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, ukoo huu uliwahi kutawala Ugweno kwa nguvu ya ufundi wa chuma. Baadaye ulipinduliwa na ukoo wa Wasuya ulioongozwa na Angovi. Mwanawe, Mranga, aliupanga upya utawala kwa mabaraza na kuliweka jando chini ya mamlaka ya mtawala. Washana waliendelea na uhunzi.

Malighafi yao ilikuwa mchanga mweusi wenye chuma, uliochekechwa kwa maji kwenye vijito. Mchanga huo uliyeyushwa kwa mkaa katika tanuri lililopulizwa kwa mivukuto, kisha chuma kikafuliwa kuwa majembe, mashoka na mikuki. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Chuma na majembe ya viwandani kutoka ng’ambo vilipoenea, uyeyushaji ulififia. Wahunzi wakabaki kufua vyuma chakavu.